Dhahabu Nyekundu Dirishani

Mwanangu Kendi,

Wewe na mama yako mmekwenda kanisani kuagana na watu, nami nimebaki na mdogo wako Makena. Nimemwomba achane karatasi za katikati ya daftari lake la Kiswahili. Mimi nasema kwa Kimeru, yeye anaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho alichofundishwa kukiandika vizuri, na mwalimu wake humsifu. Kwa hiyo ukikutana na sentensi nzuri humu, ujue ni yake.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo kesho asubuhi kabla hujaondoka. Lakini nakujua. Ungenishika mkono useme, "Wacha, baba, hayo yalipita," nami ningewacha. Nimewacha mara nyingi. Barua haishikwi mkono ikanyamaza.

Mambo ya sweta, na nauli, na mahali utakapolala huko Athi River, mama yako ameyasema na atayasema tena mpaka gari liondoke. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuambia juu ya ulimi wangu, na juu ya ile kazi ya dhahabu unayokwenda kuifanya kiwandani.

Ulikuwa mtoto, lakini nadhani unaikumbuka mizinga yangu. Nilichonga magogo mwenyewe nikayatundika kwenye miti ya bondeni, na wewe ulikuwa ukisimama mbali na kunihesabia nyuki kana kwamba wanahesabika. Asali niliijua kwa ulimi. Uliponiwekea tone moja mdomoni, niliweza kukuambia kama nyuki walikwenda kwenye maua ya kahawa, au msituni, au kule chini kwenye joto ambako kuna migunga. Nilipopeleka asali Gakoromone, wanawake wa sokoni waliniita kabla sijatua mzigo. "Baba Kendi, njoo uonje hii. Huyu mtu anataka kuniuzia sukari ya kuchemsha." Nilichovya kidole, nikalamba, na nikitema mate chini biashara ilikuwa imekwisha. Yule mama wa ndizi alizoea kusema, "Huyu, Mungu alimpa ulimi wa kuonja akasahau kumpa wa kuongea." Wote walicheka, nami nilicheka pia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Watu wengine hujivunia shamba, au ng'ombe, au watoto. Mimi nilijivunia ulimi. Nakuambia hivi ili uelewe kwamba siku ile sikuwa mlevi wala mjinga. Nilikuwa mtu anayeaminiwa, na mwenyewe nilijiamini kuliko wote.

Baba mdogo wako Mutwiri alipata msichana wa Kibugu, upande wa Embu, juu kabisa karibu na msitu, ambako chai imepandwa mpaka kwenye milango ya watu. Msichana aliitwa Wanja, na baba yake ni Mzee Njeru. Kwa kuwa baba yetu alikuwa amefariki, ilikuwa kazi yangu kumpeleka Mutwiri kwenda kusema naye. Mama yako aliniambia, "Peleka kreti za soda na mikate. Mzee Njeru ameokoka. Sisi pia ni watu wa kanisa. Nani atakuuliza pombe?"

Nilimjibu, "Soda haifungui mdomo wa mzee."

"Itafungua. Na ikishindwa, chai haishindwi."

"Baba yangu hakuomba mke kwa chupa ya soda, mama Kendi. Mutwiri hataanza."

Alinyamaza akaendelea kumenya viazi. Mama yako akinyamaza ni kwamba amesema yote. Mimi nilidhani nimeshinda.

Mwaka ule mvua ilikuwa imetukimbia na nyuki wakaikimbilia. Mizinga mingi ilikuwa mitupu. Asali niliyoipata ilitoa pombe nyepesi, kama maji ya kusuuzia sufuria, na nilipoionja niliona aibu. Ningeendaje kwa watu wa Kibugu na kitu kama kile, mimi wa kuitwa sokoni kuonja? Nyuma ya soko kulikuwa na mtu aliyeuza pombe nyeupe katika mitungi ya plastiki. Alisema, "Hii ni kali lakini ni safi. Kidogo tu inaamsha iliyolala." Niliionja kwa kidole. Ilichoma, halafu ikaacha utamu kidogo nyuma ya koo. Niliisubiri pale pale nikitafuta kosa lake, na ulimi wangu haukuona kosa. Nikanunua, nikachanganya, na pombe yangu ikaamka.

Unajua desturi, ingawa ninyi mmekua wakati wa soda. Anayeleta pombe ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya wote, ili wenyeji waone kwamba ndani ya pembe ya kunywea hakuna ubaya. Nilikuwa nimefanya hivyo katika nyumba nyingi. Pale Kibugu nilijaza pembe, nikasema maneno yanayosemwa, nikanywa. Nyumba nzima ilinyamaza ikiniangalia. Nilipangusa mdomo nikasema, "Iko sawa."

Basi watu wakapumua na maongezi yakaanza. Mzee Njeru aliipokea pembe, akaishika, akampa aliye karibu naye. "Mimi nimeokoka," alisema. "Nitaishika tu. Yesu ananiona."

Mzee mmoja wa kwao akasema, "Na ile ya kabatini kwako Yesu haioni?"

"Ile ni dawa ya kikohozi."

"Basi kikohozi chako kinapenda Jumamosi."

Tulicheka sana, Kendi. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokitazama kwenye nyuso za watu, na wakati mwingine namshukuru yule mzee kwa kunipa hicho angalau. Wazee walionja kidogo kidogo, kwa heshima. Mimi nilikunywa zaidi, kwa sababu kila kibuyu kilipofunguliwa nilipaswa kukianza. Mutwiri hakunywa. Kijana anayeomba mke hukaa pembeni na kunyamaza. Lakini mambo yalipokwisha vizuri, na mbuzi wakakubaliwa, nilimwita nje nikampa kilichobaki katika kibuyu.

"Kunywa, bwana arusi."

"Ndugu, mimi sijazoea."

Nikamwambia, "Si nimeonja?"

Akanywa chote.

Tulilala huko huko. Asubuhi nilifungua macho nikaona ukungu umejaa nyumba. Kibugu ukungu hushuka kutoka msituni hadi vizingitini, kwa hiyo sikushangaa. Nilisema, "Fungeni mlango, ukungu unaingia." Mtu mmoja alinijibu polepole, "Mlango umefungwa, Baba Kendi. Na jua limetoka." Halafu nikasikia wakimwita Mutwiri. Walimwita kwanza kwa mzaha, kama anavyoitwa bwana arusi aliyepitiwa na usingizi. Halafu wakamwita kwa namna nyingine.

Hospitalini Embu walijitahidi. Ukungu wangu haukuondoka, ukazidi kuwa mnene mpaka ukawa kitu kimoja. Wazee waliougua tumbo walipona. Daktari alimweleza mama yako jambo ambalo nimelitafuna kila siku tangu hapo. Alisema ile pombe mbaya na ile ya kawaida ni kama mapacha. Zote ni nyeupe, na harufu na ladha zinakaribiana hata mtu mzima hawezi kuzitenganisha. Tena ile mbaya haiumi mara moja. Unainywa, unacheka, unalala, na mwili wako wenyewe ndio unaoigeuza sumu polepole.

Sasa ifikirie ile desturi yetu. Mtu anaonja kwanza ili wengine waone kama ataanguka. Wazee wetu walikuwa na sababu, labda zamani sumu zilikuwa na haraka. Lakini kwa kitu kama hiki, aliyeonja kwanza na aliyeonja mwisho wanakaa pamoja wakicheka mpaka kesho yake. Kuonja kwangu hakukumlinda mtu. Kulifanya jambo moja tu, kulimwondolea Mutwiri hofu yake, na hofu yake ndiyo iliyokuwa na akili siku ile.

Mzee Njeru alikuja kwenye mazishi ya Mutwiri. Alinishika bega akasema, "Usijiue kwa mawazo. Ulionja mbele yetu. Nani angekukatalia?" Alitaka kunifariji. Ni maneno mema na yameniuma kuliko matusi yote, maana ndivyo ilivyokuwa. Hakuna ambaye angenikatalia.

Makena alikuwa bado tumboni. Sijawahi kumwona. Anaandika haya akiwa ameinama, najua kwa sababu sauti yake inapanda kutoka chini anaponisomea. Nimemwambia aandike hata hili.

Kuna kosa la pili, na hilo linakuhusu wewe zaidi. Niliporudi nyumbani bila macho ulikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilikufanya wewe kuwa macho yangu. Nilikuuliza rangi ya kila kitu. Nilikuuliza kama kahawa imeiva, kama paa limeshika kutu, kama jirani anayenisalimia anatabasamu au la. Mwanzoni ulinipa majibu kama yalivyo. Halafu, sijui lini, ulianza kunihurumia. Jioni moja nilikuuliza, "Mama yako analia?" Ukasema, "Hapana, baba, anakata vitunguu." Nyumba haikuwa na vitunguu siku ile. Nilijua, na sikusema kitu, kwa sababu jibu lako lilikuwa tamu na mimi nilikuwa nimezoea utamu.

Hivyo ndivyo nilivyokufundisha, mwanangu. Hakuna mwalimu aliyekufundisha kumpa mtu habari anayoitaka. Ulijifunza hapa, kwenye kiti hiki, kwa kipofu aliyekataa kuambiwa ukweli na mtoto.

Ulipokwenda chuoni kusoma kemia nilifurahi bila kuelewa. Kisha ukaja likizo ile na kachupa kadogo ukanipa mkononi. Ukasema, "Baba, umeshika dhahabu."

"Mbona ni maji?"

"Dhahabu iko ndani ya maji. Chembe zake ni ndogo sana, hata darubini ya shule haizioni."

"Ni ya njano?"

"Hapana. Ikiwa ndogo hivyo inakuwa nyekundu. Nyekundu kama divai ya meza ya Bwana."

Nikakuuliza nani aliikata ndogo hivyo, na kwa panga gani, ukacheka mpaka mama yako akaja kuangalia. Ukasema haikatwi, inapikwa. Unachukua chumvi ya dhahabu, unaichemsha katika maji, unatia kitu kinachotokana na ukali wa ndimu, na rangi inapanda kama chai inavyopanda. Ukanieleza kwamba mwanga ukizigonga zile chembe, kitu kilicho ndani yake kinatikisika pamoja, na mtikisiko huo ndio unaoonekana kama wekundu. Chembe zikiachana, maji ni mekundu. Zikisogeleana na kushikana, mtikisiko unabadilika na maji yanakuwa ya samawati. Kwa hiyo, ulisema, unaweza kuzivisha chembe zako kitu kinachoitafuta sumu. Sumu ikiwapo zinashikana, na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, anaona nyekundu imegeuka samawati.

Nilikuwa nimeelewa kabla hujamaliza. Ulikuwa unatengeneza ulimi.

Ukaniambia ndiyo, utakuwa ni kijikaratasi. Mtu atadondosha pombe juu yake kabla ya kunywa. Kikibaki chekundu, ni salama. Kikiwa cha samawati, amwage. Siku ile, Kendi, kwa mara ya kwanza tangu Kibugu, nililala kama mtu aliyetua mzigo. Chupa yako tuliiweka dirishani karibu na redio, na tangu ulipotuachia, kila jioni namuuliza Makena, "Ina rangi gani?" naye ananijibu, "Nyekundu, baba." Ni kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa kabla ya kulala.

Sasa nifike nilikotaka kufika, kwa sababu mtarudi karibuni.

Juzi ulikuwa nyuma ya tangi la maji ukizungumza kwa simu na yule mwenzako mliyesoma naye. Ulidhani nimelala. Watu husahau kwamba kipofu akikaa kimya hajalala. Ulisema, "Kwa maji inafanya vizuri. Ukiweka pombe yenyewe, ile ya watu, haioni. Inabaki nyekundu tu." Kisha ukasikiliza. Kisha ukasema, "Najua. Lakini wa kiwandani wamesema kipimo kitoke hivyo hivyo, kitarekebishwa kikiwa sokoni. Mimi ndiye wa kutia sahihi kwamba kiko tayari, na nikikataa wataniambia nirudi nyumbani. Nitamwambiaje baba?"

Jioni tukala. Nikakuuliza kuhusu kazi, nikiwa nimekupa nafasi. Ukasema, "Baba, kipimo kiko tayari."

Uliisema vizuri sana. Sauti haikutetemeka. Lakini mimi naijua sauti hiyo, maana niliitoa mwenyewe, nikipangusa mdomo mbele ya watu walioninyamazia kwa kungoja. Iko sawa. Kiko tayari. Hayo ni maneno ya mtu ambaye wageni wanamsubiri.

Sikukasirika. Nilitaka kuinuka nikushike, lakini mama yako alikuwa akigawa uji na sikujua kikombe kiko wapi.

Nisikilize. Kijikaratasi kinachobaki chekundu kwa sababu hakioni, hicho ni mimi na pembe yangu. Tena ni kibaya kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa katika nyumba moja, na kijikaratasi kitaingia katika nyumba nyingi ambazo hutazijua majina. Kijana ataambiwa anywe, na hofu yake itamwambia asinywe, na kaka yake atamwonyesha wekundu ule na kumwambia, "Si tumepima?" Bila kipimo chako, kijana yule angekuwa na hofu yake. Ukimpa kipimo kilicho kipofu, umemwondolea hata hiyo.

Najua kwa nini unataka kiwe tayari. Unataka nikifa niwe nimesikia kwamba jambo la Kibugu limepata jibu. Umelibeba tangu ukiwa na sare ya shule ya msingi. Umesoma kemia ukiwa na macho yangu mfukoni. Mimi sikuwahi kukuomba hivyo, lakini sikuwahi kukukataza pia, na kimya changu kilikuomba. Sasa nakukataza. Usitie sahihi kwa ajili yangu. Nikifa bila kusikia kwamba kiko tayari nitakuwa nimekufa kama watu wengine wengi, na hakuna ubaya.

Wakikuambia urudi nyumbani, rudi. Nyumba iko, nduma ziko shambani, mama yako atanung'unika kwa muda kisha atafurahi kupata wa kumbebea ndizi hadi Gakoromone. Majirani watauliza. Waache waulize. Nimeishi na maswali ya majirani muda mrefu na hayajavunja mfupa wangu hata mmoja.

Lakini sidhani ni lazima iwe hivyo, na hapa nasema kama mtu wa nyuki, si kama msomi. Siku ile ya simu ulisema neno jingine. Ulisema pombe ya watu ina asali, ina masizi ya moto, ina uchafu wa mtungi, na vitu hivyo vinazizingira chembe zako kama umati mpaka sumu haizifikii. Nilipolisikia nilifikiri, basi mtoto huyu anajua. Mtu anayejua kwa nini mzinga umehamwa yuko karibu na nyuki kuliko anayesema mzinga umejaa. Neno "haioni bado" ni kazi. Mtu anaweza kuamka asubuhi akaifanya. Neno "iko sawa" halina kesho. Waambie hivyo hao wa kiwandani, kwa Kiingereza chako. Huenda kati yao yupo mmoja mwenye baba.

Nilitaka pia kusema juu ya zile chembe na umbali, kwamba zikiachana zina rangi yake na zikishikana sana zinaipoteza, na kwamba mimi nilikushika sana. Makena amesimamisha kalamu akasema, "Baba, hiyo ni kama insha." Basi tuiache. Umeielewa.

Hapa Makena aliacha kuandika kwa muda. Nimemwambia, "Andika, watakuja." Kalamu haikusikika. Nimemuuliza kuna nini. Amesema, "Baba, ile chupa."

Nimemwambia aseme, na ameandika kama alivyosema, kwa maneno yake. Amesema wewe, Kendi, ulimwambia kwamba chumvi huzifanya chembe zishikane. Jumapili, tulipokuwa bado tukisalimiana na watu nje ya kanisa, alitangulia nyumbani akafungua chupa akatia chumvi kidogo ya jikoni, aone kwa macho yake. Wekundu uligeuka mara moja ukawa wa samawati, kama mlima wakati wa jioni, na alifurahi, halafu akaogopa, akaificha chupa nyuma ya redio. Alingoja wekundu urudi na haukurudi. Nilipouliza rangi jioni ile alisema nyekundu. Na jana alisema nyekundu. Na leo, kabla hatujaanza barua hii, alisema nyekundu.

Nimesikia mvua ikidondoka kutoka kwenye paa. Nilidhani nitaumia, kwa kuwa unajua nilivyoishikilia ile chupa. Badala yake nimejisikia kama mtu aliyeonja kitu cha kweli baada ya muda mrefu, hata kama ni kichungu.

Nimemuuliza, "Kwa nini unaniambia sasa?"

Amesema, "Kwa sababu nimeandika ile ya vitunguu."

Nimemwomba ailete chupa mkononi mwangu. Ni nyepesi vile vile. Nimemuuliza, "Sasa hivi ina rangi gani? Niambie unachokiona, usinihurumie."

Amesogeza taa. Amesema, "Haina rangi, baba. Maji yamekuwa meupe tu. Samawati imezama, chini kuna vumbi jeusi kidogo."

"Na vumbi hilo ni nini?"

"Ni dhahabu."

"Bado ni dhahabu?"

"Bado ni dhahabu. Haijaenda popote."

Nimemwambia aandike hivyo hivyo, asipambe. Maji ni meupe. Chini kuna vumbi jeusi. Vumbi ni dhahabu. Hii ndiyo habari ya dirishani kwetu leo, Kendi, nami nimeipokea, na kama unavyoona sijafa.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, anakuambia tena mambo ya sweta. Makena atakunja karatasi hizi aziweke chini ya begi lako, uzisome ukifika. Ukipiga simu mara ya kwanza nitakuuliza kipimo kina rangi gani juu ya pombe ya watu. Niambie ile utakayoiona.

Baba yako, kwa mkono wa Makena.